Mnyama wa Ziwa Kivu: jibu kwa mama ambaye kijana wake anataka kwenda kumtafuta usiku

"Mwalimu, jambo. Niko mama wa watoto wane, tunaishi Himbi, hapa Goma. Mutoto wangu wa kwanza iko na miaka 16, na tangu miezi mbili hivi amenasa na story ya munyama mukubwa mwenye anaishi chini ya Ziwa Kivu. Kuna video inazunguka kwa WhatsApp, kitu mweusi murefu kinatoka ndani ya mayi kinarudi. Sasa kuna kikundi cha vijana wanapanga kwenda usiku na mtumbwi upande wa ghuba ya Kabuno kumutafuta, kila mutu analeta dola 20, watashusha kamera na kamba. Baba yake anacheka tu, pasta wetu anasema ni pepo, na mimi mwenyewe sicheke, juu mwaka jana nilikuwa kwa boti tunatoka Bukavu, asubuhi, ziwa imetulia kama kioo, na niliona kwa macho yangu migongo tatu nyeusi zinafuatana, zinaenda, zinapotea. Boti ingine haikukuwa karibu. Kweli kweli mwalimu, iko kitu ndani? Na mutoto nimuache aende?"

Jambo mama, aksanti kwa kuandika, na aksanti zaidi kwa kutaja ile migongo tatu, juu watu wengi wakiona kitu kama hicho wananyamaza kwa kuogopa kuchekwa, alafu wanabaki nacho kichwani miaka yote. Naona umeuliza mambo matatu kwa mara moja: kama ziwa letu lina mnyama mkubwa asiyejulikana, ulichokiona wewe kilikuwa nini, na kijana aende ao asiende. Nianze na hili la mwisho maana haliwezi kungoja. Usiku, na mtumbwi, Kabuno: hapana mama. Hapo usilegee hata kidogo. Sababu utaziona mbele, na hakuna hata moja inayomhusu huyo mnyama.

Alafu ujue unaongea na nani. Kazi yangu ni samaki na maji ya hili ziwa, lakini hizi hadithi za wanyama wa maziwani nazipenda tangu niko mtoto wa shule, nimesoma zote nilizoweza kupata, na zinanifurahisha mpaka leo, nikipata mpya naacha chakula kipoe mezani. Kwa hiyo sikuja kumvunja moyo kijana wako, mimi na yeye tuko kabila moja. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikisikia kuna mnyama mkubwa fasi fulani, namuuliza kama vile ungemuuliza mpangaji anayetaka kuingia kwako: unapumua wapi, unakula nini, na jamaa zako wako wapi?

Tuanze na kupumua. Watu wanawaza hivi: Kivu ina kina, karibu mita 485 pale inapozama zaidi, hakuna mtu aliyeshuka mpaka huko, basi kitu chochote kinaweza kujificha. Kwa ziwa lingine hilo wazo lingekuwa na nguvu, kwa letu linaanguka. Oksijeni ndani ya Kivu inafika mita 60 hivi na hapo inaisha, na ata hizo mita 60 unazipata wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 9, upepo ukikoroga maji ya juu. Miezi ya mvua inaishia juu zaidi. Chini ya mpaka huo hakuna samaki, hakuna kaa, hakuna konokono, kuna vijidudu tu ambavyo havihitaji hewa. Yaani hizo mita 400 na zaidi ambazo vijana wanaziona kama pango la kujificha, kwa mnyama ni kama chumba kilichofungwa chenye moshi.

Nimeshika kwa mikono yangu maji yaliyotoka zaidi ya mita 300. Chupa ya kupimia inashushwa na kamba ikiwa wazi juu na chini, ikifika unatuma kizito kwenye ile ile kamba, kinagonga, chupa inajifunga, alafu unaanza kuvuta na mikono inaungua kidogo kwa ile kamba iliyolowa. Kabla haijafika juu unasikia tayari inapiga kelele. Inafoka kama soda iliyotikiswa, povu inasukuma kifuniko, na harufu yake ni ya yai lililooza, inakaa kwenye nguo mpaka jioni. Hiyo povu ni gazi. Ndani ya Kivu kuna kiasi cha kilomita za ujazo 300 za CO2 na 60 za methani, zimeyeyuka kwenye maji ya chini, zimebanwa huko kwa sababu maji ya chini yana chumvi na madini mengi, ni mazito, hayapandi, na uzito wa maji ya juu unayakandamiza. Wenzetu wa Rwanda wanaivuta hiyo methani na kutoa umeme. Kila mara nikinusa ile chupa nawaza kwamba watu wanatafuta ajabu ya Kivu kwenye shingo ndefu, na ajabu yenyewe iko pale kwenye povu.

Kijana wako atajibu, na ni jibu zuri: mnyama wangu hapumui ndani ya maji, anapumua hewa kama nyangumi, anashuka na kupanda. Sawa. Basi lazima atoe pua juu, usiku na mchana, mwaka mzima. Na nani yuko pale juu usiku? Wavuvi wa sambaza. Mama umeziona zile taa zote ziwani wakati mwezi haupo, kutoka Himbi unazihesabu unachoka. Kila kundi la taa ni ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu, nyavu katikati, watu wanaimba wakivuta, macho kwenye maji mpaka alfajiri, na hivyo ndivyo wanafanya kwa zaidi ya miaka 40 sasa. Hakuna ziwa la wanyama wa ajabu duniani lenye walinzi kama hao. Nimekaa nao, nimewauliza. Wanasemaka juu ya upepo unaoshuka ghafla, juu ya wezi wa nyavu, juu ya askari, juu ya mwenzao aliyeanguka majini na asirudi. Mnyama wa kuvunja mtumbwi, sijampata kwenye maneno yao. Na nyavu zikipasuka wanajua nini kimezipasua.

Tuje kwenye chakula, hapa njo napapenda zaidi. Kivu ni ziwa maskini kwa samaki, aina zake hazifiki ata 30, wakati Tanganyika kule chini ina zaidi ya 200. Na ule sambaza tunaokula kila siku si wa hapa. Aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, juu walikuwa wameona katikati ya ziwa hakuna samaki anayekula vile vidudu vidogo vinavyoelea. Fikiria hilo, mama. Kabla ya 1959 ile sehemu kubwa ya katikati ilikuwa karibu tupu, samaki walikuwa pembeni, kwenye mawe na majani. Mnyama wa tani kadhaa angekula nini pale kwa maelfu ya miaka akingoja waje kumletea sambaza, samaki ambaye ni mrefu kama kidole ao vidole viwili? Na hawezi kuwa mmoja. Mnyama mmoja anakufa, hadithi inakufa naye. Wanahitaji kuwa wengi, wazae, wazeeke, wafe, na wakifa mizoga inavimba, inaelea, upepo unaisukuma mpaka ufukweni, na pale soko la Kituku wakina mama wangekuwa wameshaikata vipande na kuiuza kabla mimi sijafika na daftari langu.

Labda mtu atasema anatoka Tanganyika, anapanda na mto Rusizi. Hapana pia. Rusizi inatoka kwetu pale Bukavu na inashuka karibu mita 700 mpaka ifike Tanganyika, kwa maporomoko na mawe, na leo kuna mabarrage ya umeme, yaani kuta za kuzuia maji, juu yake. Njo maana ata mamba hatuna. Kule chini wako, na mmoja amekuwa maarufu duniani kote, yule Gustave wa upande wa Burundi, kwenye mlango wa Rusizi na ufuko wa kaskazini wa Tanganyika, walimkadiria karibu mita 6, wakajenga mtego mkubwa wa chuma kumkamata na wakamkosa. Namtaja Gustave juu yeye anaonyesha vizuri jinsi mnyama mkubwa wa kweli anavyokuwa: watu wengi wamemwona kwa nyakati tofauti wakamweleza sawasawa, alipigwa picha zinazoonekana, alikuwa na makovu ya kumtambua, na kabila lake lote liko pale pale mtoni unaweza kwenda kuwaangalia.

Sasa nikupeleke kidogo mbali, juu najua kijana atakuletea Loch Ness, kila mtu analeta Loch Ness. Ni ziwa la Scotland, jembamba na refu, kina kama mita 230, na habari ya mnyama wake wa shingo ndefu ilianza kuvuma mwaka 1933. Mwisho wa mwaka huo huo gazeti moja lilimtuma mwindaji, Marmaduke Wetherell, akakuta alama za miguu mikubwa ufukweni, ikawa kelele kubwa, alafu wataalamu wa makumbusho ya London wakaziangalia wakasema huu ni mguu wa kiboko, tena mguu mmoja uliokaushwa, ni kile kitu ambacho watu wa zamani walikuwa wanakiweka nyumbani kama pambo. Kiboko wa Afrika kwenye baridi ya Scotland! Kila nikisoma hiyo nacheka mpaka machozi. Mwaka uliofuata, 1934, ikatoka ile picha ya shingo ndefu ambayo dunia nzima inaijua, ikisemekana imepigwa na daktari. Ilichukua miaka 60 mpaka 1994 ndipo ikajulikana wazi: kichwa cha kutengenezwa, kimewekwa juu ya nyambizi ya kuchezea ya watoto, na aliyepanga ni yule yule Wetherell aliyekuwa na hasira ya kuaibishwa na mguu wa kiboko.

Lakini kilichofuata ni kizuri na kijana akisikie. Mwaka 1987 watu walipanga boti 24 kwa mstari mmoja zikapita ziwa zikipima chini kwa sauti. Mwaka 2018 timu ya Neil Gemmell kutoka New Zealand ilichota maji mara 250 hivi, fasi mbalimbali, vina mbalimbali, wakatafuta ADN (DNA, alama ya urithi) ambayo kila kiumbe kinaiacha majini kwa ngozi, kwa kinyesi, kwa ute. Majibu yakatoka 2019: ADN ya reptilia hakuna ata moja, ya mkunga imejaa kila fasi. Mkunga ni yule samaki kama nyoka. Hawakumpata mnyama, ila walipata orodha ya viumbe karibu 3,000 wa lile ziwa, kuanzia bakteria mpaka kulungu wanaokuja kunywa. Kwa mtu kama mimi hiyo orodha ni tamu kuliko shingo.

Na kwetu huku pia tumechezewa. Mwaka 1919 magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba kule Fungurume, Katanga, mtu wa reli amekutana na dinosaria mzima, wazungu wakaanza kuandaa bunduki kuja kumwinda, alafu ikatoka kwamba ni mzaha tu. Congo-Brazzaville nako kuna mokele-mbembe, mnyama wa hadithi anayesemekana ni kama dinosaria, wa Ziwa Télé, huko Likouala. Roy Mackal, mwanabiolojia wa Chicago, alikuja 1980 na 1981, hakumwona. Marcellin Agnagna wa Brazzaville alisema alimwona 1983, filamu haikutoa kitu. Lile ziwa lina upana wa kilomita 5 hivi na kina cha mita chache tu, mnyama ukubwa wa tembo hana kina cha kujificha pale. Mimi hao watu siwadharau, walitembea siku nyingi kwenye kinamasi na malaria. Kinachoniuma ni kitu kingine: misitu na vinamasi vya upande huo wa kaskazini vilikuwa vimejaa gorila, mwaka 2008 watafiti wakatangaza hesabu ya 125,000 hivi, wengi kuliko mtu yeyote alivyowaza. Wenyeji walikuwa wanajua kuwa gorila wako pale. Waliokuwa wanakuja walikuwa wanawauliza juu ya dinosaria.

Hapo njo nafika kwenye hoja ambayo kijana atakurushia usoni: "Ata okapi walisema haiko!" Kweli, wazungu hawakuwa wanamjua mpaka 1901, na ni mnyama wa kwetu, wa Ituri. Lakini angalia ilivyokwenda. Wambuti walikuwa na jina lake, walikuwa wanamtega na kumla, ngozi yake ilikuwa mikanda viunoni mwa watu. Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, alipouliza walimpa vipande vya ile mikanda, baadaye akapata ngozi nzima na mafuvu. Gorila wa milimani ni hivyo hivyo, yuko hapa mlangoni petu, mzungu wa kwanza kumpeleka kwenye makumbusho alikuwa Robert von Beringe aliyepiga wawili juu ya Sabyinyo mwaka 1902, lakini watu wa pale chini hawakuhitaji Beringe awaambie kuna nini mlimani. Na wa karibuni kabisa, lesula, yule kima mwenye uso kama wa mtu mzee mwenye huzuni, watafiti walimwona 2007 akiwa amefungwa kwenye nyumba ya direkta wa shule kule Opala, anachezwa na mtoto, na kila mtu pale anamwita jina lake. Ikatangazwa 2012 kuwa aina mpya. Mpya kwa nani?

Njo maana mimi nauliza hivi nikisikia kuhusu mnyama asiyejulikana: nani anamla, ngozi yake iko wapi, anaharibu shamba la nani, watoto wanakatazwa wasiende wapi kwa sababu yake? Okapi ana majibu yote. Mnyama wa Kivu ana video.

Nikifika kwenye video, niliitafuta nikaipata, aksanti kwa maelezo. Iangalie tena pamoja na kijana, taratibu, simamisha kwenye sekunde za mwanzo, angalia nyuma ya maji: ile miti ni misonobari mpaka ufukweni, na yule anayetembea upande wa kushoto amevaa koti zito. Himbi gani hiyo? Na hiyo hiyo nimeiona watu wakiandika ni Tanganyika, wengine Victoria. Siku hizi kuna pia za kutengenezwa na kompyuta kabisa, kwa hiyo mazoea ya kuangalia nyuma ya kitu, si kitu chenyewe, yatamsaidia kwenye mambo mengine mengi.

Migongo yako sasa. Mama, sisemi ulidanganyika, uliona kitu na kilikuwepo. Naamini ulichoona ni mawimbi ya boti. Najua umesema boti haikuwa karibu, na hiyo njo inanifanya niamini zaidi. Boti kubwa ikipita inaacha mawimbi yanayofunguka nyuma yake kama herufi V, na ziwa likiwa limetulia yale mawimbi yanatembea kilomita nyingi, boti imeshapotea nyuma ya kisiwa cha Idjwi dakika 20 zilizopita na wimbi lake bado liko njiani. Yakikutana na mawimbi ya boti nyingine, ao ya boti yenu wenyewe kama ilikata kona, hayabaki mstari mmoja, yanapanda vipande vipande, kimoja nyuma ya kingine. Na rangi nyeusi? Asubuhi jua liko chini, maji yaliyolala yanaakisi mbingu yanang'aa, lakini ule upande wa wimbi unaokutazama umeinama, unaakisi milima, na milima asubuhi ni myeusi. Kwa hiyo unaona migongo, inafuatana, inaenda mwendo mmoja, alafu pembe ya mwanga inabadilika na inapotea bila kurusha ata tone. Wewe umeandika "zinaenda, zinapotea", hukuandika maji yalirukaruka, na hiyo ni alama kubwa kwangu.

Kuna uwezekano wa pili, fisi maji. Wanaishi kwenye maziwa makubwa ya eneo letu, wanaogelea familia kwa mstari, wakipanda na kuzama, watatu wanaonekana kama nyoka mmoja mrefu. Ni kama mita moja na mkia, lakini juu ya maji matupu hakuna nyumba wala mti wa kupimia, jicho linaweka ukubwa wowote linaotaka. Nimewahi kumwonyesha mwenzangu mnandi, yule ndege mweusi anayeogelea mwili umezama shingo iko nje, akaniapia ni kitu cha urefu wa mtumbwi, mpaka kiliporuka.

Pasta wako sitabishana naye, mambo ya roho si kazi yangu. Ila nikukumbushe kwamba watu wetu wamekuwa na mamba muntu tangu zamani, Lubumbashi miaka ya 1970 alikuwa amechorwa na kutundikwa kwenye salon nyingi, mwanamke nusu samaki na nyoka wake, anatoa utajiri na kuchukua kitu. Yule anaeleza habari za pesa, ndoa na tamaa, na anazieleza vizuri. Hakuna aliyehitaji kumpima urefu. Kosa linaanza tunapomchukua huyo na kumtafuta na kamera na kamba.

Haya, safari. Kwa nini nimesema hapana? Kabuno hasa hasa. Ile ghuba iko karibu imefungwa, na CO2 yake iko juu sana, pale oksijeni inaisha kwenye mita 11 ao 12 tu. Sisemi italipuka wiki hii, gazi ya ziwa inapimwa na imekuwa ikikaa mahali pake. Wanaokumbuka Ziwa Nyos la Cameroon, tarehe 21 mwezi wa 8 mwaka 1986, gazi ilipotoka ziwani ikaua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja, ni sawa waogope, lakini hatari ya karibu kwa vijana ni ndogo na ya kila siku: mazuku. CO2 inayotoka ardhini upande wa Mugunga, Bulengo, Lac Vert mpaka Sake, ni nzito kuliko hewa, inajaza mabonde na mashimo, usiku bila upepo inakaa. Haionekani. Vijana watatua ufukweni kupumzika, mmoja atalala chini kwenye kibonde kwa kuwa hakuna upepo pale, na asiamke. Akianguka, mwenzake anaruka kumwokoa na anabaki naye. Kijana ajue hilo ata kama haendi kokote: mtu akianguka kwenye shimo usiingie kichwa kichwa, ita watu wazima.

Na maji yenyewe mama. Mwezi wa 10 mwaka 2024 boti lilizama mchana kweupe karibu ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanatazama, na watu wengi walikufa wakiwa wameshaona nyumbani. Sasa mtumbwi, usiku, vijana wasiojua upepo, na wavuvi ao askari wasiojua ni nani hao wenye tochi. Hizo dola 20 pia uliza zinaenda kwa nani.

Kumkataza kila kitu nako sikushauri, atakwenda kimya kimya, miaka 16 tunaijua. Unaweza kumruhusu wakati wa mchana, na mvuvi mzoefu, kila mtu na jile yake ya kuokoa maisha imefungwa kifuani, karibu na ufuko, mbali na Kabuno. Washushe kamera yao, sawa kabisa. Wafunge pia sahani nyeupe kwenye kamba yenye alama kila nusu mita, waishushe mpaka isionekane, waandike ni mita ngapi, warudie wiki ijayo fasi ile ile. Sisi tunapima uwazi wa maji hivyo hivyo. Na aanze daftari: kila atakachokiona ziwani, achore kwanza kabla hajaongea na mtu, saa, upepo, jua liko upande gani, boti gani ilipita nusu saa nyuma. Wewe pia uchore ile migongo yako leo, kabla maneno yangu hayajaibadilisha kichwani.

Kuna vitu ambavyo usiniandikie mimi, uende mwenyewe. Mkiona maji yanachemka povu fasi ambayo haikuwa hivyo, ao samaki wengi wamekufa wanaelea kwa mara moja, ao ufuko unanuka yai bovu kwa nguvu, ondokeni kupanda juu, na mpeleke habari kwa watu wa Observatoire Volcanologique ya Goma, wale wanaochunguza volkano. Mtu akipata kizunguzungu, kichwa kikali, pumzi ya haraka baada ya kukaa fasi ya chini, mpeleke kwenye hewa safi na mkimbize hospitali ata kama anasema amepona. Na kama kijana halali usiku, anaogopa maji ya kuoga, ameacha shule kwa hii habari, hapo si mambo ya mnyama tena, mtafute muuguzi ao mshauri anayeongea na vijana, uso kwa uso.

Jumamosi ijayo nitakuwa Kituku saa kumi na mbili asubuhi, wakati mitumbwi inarudi na wanamwaga sambaza kwenye mabeseni. Mlete. Aje na daftari na sahani nyeupe, nitamtambulisha kwa muzee mmoja ambaye amelala kwenye hayo maji usiku mwingi kuliko aliolala kitandani, na maswali yake yote ya mnyama amuulize yeye kwanza.